Jahazi, Shwari na Fuliza: Taswira na Mchezo wa Lugha katika Majina ya Mikopo ya Simu

Utangulizi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa methali hii fupi Waswahili walikwisha kutoa nadharia yao ya matangazo ya biashara kabla ya gazeti, redio wala simu. Methali yenyewe haimdhihaki mchuuzi. Inaweka mpaka baina ya kitu na sifa za kitu, na kumwonya mnunuzi kwamba kadiri sifa zinavyotembezwa ndivyo inavyompasa kukikagua kitu chenyewe. Hata hivyo biashara haikupata kuitii methali hii, wala lugha haikukataa kuitumikia biashara. Kanga ni ushahidi wa kutosha. Nguo hii ina pindo, ina mji, na ina jina. Na mara nyingi jina ndilo limfanyalo mwanamke achague doti hii na kuiacha ile iliyo kando yake, ijapokuwa rangi zao zakaribiana. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na ambayo kanga zake hutambulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", imeuza kitambaa na usemi kwa pamoja. Mnunuzi wa kanga hulipia pamba, lakini huondoka pia na neno.

Wahakiki wa nchi nyingine waliitambua zamani sanaa iliyomo katika biashara. Leo Spitzer, mwaka 1949, aliandika uhakiki mzima juu ya tangazo la Kimarekani la maji ya machungwa, akalisoma kwa makini yaleyale ambayo msomi huyaelekeza kwenye shairi la kale. Roman Jakobson, alipoeleza mwaka 1960 kazi ya kishairi ya lugha, hakuridhika na mifano ya washairi peke yao. Alichambua pia wito mfupi wa kampeni uliomsifu Eisenhower kwa maneno matatu yenye vina. Geoffrey Leech naye alitoa kitabu juu ya Kiingereza cha matangazo mwaka 1966. Fundisho la wote ni moja: tamathali za usemi hazikai utenzini na riwayani tu. Huenda sokoni, na huko hupewa kazi ambayo mshairi hakuzituma.

Makala haya yanachunguza kazi hiyo katika uwanja mmoja mwembamba, nao ni majina ya Kiswahili yaliyopewa huduma za kukopesha kwa simu nchini Kenya, pamoja na mifano michache ya Tanzania kwa ajili ya kulinganisha. Jina limechaguliwa kwa sababu ndilo tangazo fupi kuliko yote na lidumulo kuliko yote. Bango huchakaa, tangazo la redio hukoma sauti ikikoma, lakini jina la huduma hutamkwa na mteja mwenyewe kila siku, bila malipo, hata anapolalamika. Hoja itakayotetewa ni kwamba majina haya ni mashairi mema madogo, yaliyoundwa kwa ustadi, na kwamba ustadi huo umeligeuza deni kuwa wokovu, utulivu na mwendo. Kwa kuwa ni mema, ndiyo sababu yanahitaji kuhakikiwa.

Bahari katika simu

Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na kampuni ya Safaricom mwezi wa Machi mwaka 2007, na tangu hapo simu ya mkononi ikawa mkoba. Mkoba ukiwapo, kukopa hakuko mbali. Majina ya mikopo iliyofuata yanashangaza kwa jambo moja: mengi yametoka majini. Okoa Jahazi ni muda wa maongezi unaokopeshwa mtu ambaye salio lake limekwisha. M-Shwari, iliyozinduliwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na benki ya Commercial Bank of Africa, ni akiba na mkopo wa muda mfupi. Tanzania nako kampuni ya Tigo, kabla ya kubadili jina lake kuwa Yas mwaka 2024, ilikopesha kwa jina la Nivushe. Chombo kinachozama, bahari iliyotulia, mtu anayeomba kuvushwa ng'ambo: huu ni mfumo wa taswira, ijapokuwa haukuundwa na mtu mmoja wala kampuni moja.

Chanzo cha mfumo huu kimo katika lugha yenyewe. Kiswahili kililelewa na pwani, na msamiati wake wa shida na faraja umelowa maji ya chumvi. Mambo huenda mrama kama chombo, mtu hutweka na kutua, hutia nanga, huenda joshi, hupigwa na dharuba. Mwandishi wa habari za michezo akisema kwamba mlinda mlango aliokoa jahazi, msomaji wa Nakuru haoni tanga wala mlingoti. Aona bao lililozuiwa. Sitiari imekwisha kufa kwa kuzoewa. Alichofanya mtunzi wa jina la Okoa Jahazi ni kuifufua nusu. Ameichukua nahau iliyozoeleka, inayoeleweka mara moja, na kuiweka mahali ambapo uzito wake wa kwanza hurudi: mtu yuko peke yake, usiku, simu haina salio, na mgonjwa yuko ndani. Kwa mtu huyo jahazi lazama kweli.

Lakini ni jahazi la nani, na bahari ipi? Wateja wengi wa huduma hizi huishi bara, na wengi wao hawajapanda chombo cha tanga. Hapa uchambuzi wa Roland Barthes wa mwaka 1964 juu ya tangazo la tambi za Panzani unafaa kukumbukwa. Barthes alionyesha kwamba jina lile, pamoja na nyanya na pilipili zilizomwagika kutoka kikapuni, liliwapa Wafaransa "Uitaliano" ambao Mwitaliano mwenyewe asingeuhisi, kwa kuwa umejengwa juu ya mazoea ya Wafaransa kuhusu Italia. Jahazi nalo hufanya vivyo hivyo. Kwa msemaji wa bara neno hili huleta pwani ya mawazoni: lugha fasaha, ustaarabu, utulivu wa watu wasio na haraka. Huduma iliyobuniwa kwa hesabu za kompyuta yavikwa kanzu na kofia ya mzee wa Lamu. Msemaji wa pwani, ambaye kwake jahazi lina mwenyewe, lina nahodha, mabaharia na shehena, huenda akauliza maswali ambayo taswira haikukusudia yaulizwe: shehena ni ya nani, na aliyeliokoa jahazi atadai nini bandarini?

Kwa upande wa Okoa Jahazi jawabu lajulikana: atadai kilichokopwa pamoja na ada ya asilimia 10. Kiasi hicho si siri. La kuangaliwa ni kwamba taswira haina nafasi ya kukiweka. Katika picha ya chombo kinachozama hamna mahali pa duka, wala pa daftari la madeni. Anayezama haulizi bei ya kamba.

Linganisha na Nivushe. Nayo ni taswira ya maji, lakini ina uaminifu zaidi. Kuvuka kwa chombo cha mtu kuna nauli, na kila aliyepanda kivuko cha Likoni akiwa na gari alijua kwamba mvushaji na abiria wana mapatano. Mtu husema "nivushe" hali akijua kwamba ng'ambo ya pili atatia mkono mfukoni. Jina hili basi halifichi kwamba kuna watu wawili na kwamba kuna malipo. Nipige Tafu, jina la mkopo wa muda wa maongezi wa Vodacom Tanzania, limeshika njia nyingine. Limetoka katika usemi wa mtaani, ambako kupiga tafu ni kumsaidia mwenzio kwa nguvu zako. Msaada huo haulipwi kwa ada. Hulipwa kwa msaada, siku yako ikifika. Kwa hiyo tamathali zote tatu ni nzuri masikioni, lakini hazina ukweli sawa. Nivushe yakumbuka nauli, Nipige Tafu yaazima ujirani, na Okoa Jahazi yaazima hofu.

Nani asemaye?

Taswira peke yake haitoshi kueleza nguvu ya majina haya. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo katika sarufi, na hasa katika swali moja rahisi ambalo kila mhakiki wa shairi huliuliza kwanza: nani anasema, na anamwambia nani?

Katika "nivushe" na "nipige tafu" jawabu li wazi. Kiambishi *ni-* cha mtendwa humweka mkopaji ndani ya neno, naye ndiye msemaji; kampuni ndiyo inayoambiwa. Mteja anapolitamka jina amekwisha kuomba. Jina na ombi ni kitu kimoja. Katika "okoa jahazi" kiambishi hicho hakipo, nacho kutokuwapo kwake kumefungua milango miwili. Huenda msemaji ni mteja, na mwokozi ni kampuni. Huenda pia msemaji ni kampuni, inayomhimiza mteja aliokoe jahazi lake mwenyewe, na njia ya kuliokoa ni kukopa. Katika usomaji wa kwanza mkopeshaji ni shujaa. Katika wa pili mkopaji ndiye shujaa. Katika usomaji wowote ule mdai hayupo. Utata ambao katika shairi ungeitwa utajiri wa maana, hapa una faida ya kibiashara: kila msomaji huchukua upande umpendezao, na pande zote mbili humfurahisha.

M-Shwari ina mchezo wa ndani zaidi. Herufi ya kwanza, kama katika M-Pesa, inasimamia neno la Kiingereza la simu ya mkononi. Lakini sikio la Kiswahili halina herufi tupu. *M-* ni kiambishi cha ngeli ya mtu na mti, na pia ni kiambishi cha nafsi ya pili wingi katika sentensi zisizo na kitenzi, kama katika maamkizi "m hali gani?" Mtu akilisikia jina hilo bila kuona kistari chake, husikia sentensi kamili: "m shwari", yaani ninyi mmetulia, hamna neno. Na kwa kuwa "shwari" ni jibu la kawaida la vijana wanapoulizwa habari zao, jina lenyewe lasikika kama maamkizi yaliyokwisha kujibiwa. Haijalishi kama mtunzi aliyakusudia haya yote. Sanaa ya neno hupimwa kwa kile neno linachofanya katika lugha yake, na neno hili lamtangazia mkopaji utulivu kabla hajajua masharti.

Masharti yenyewe yanastahili kuwekwa kando ya taswira. Mkopo wa M-Shwari ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Anayekopa na kulipa kila mwezi kwa muda wa mwaka mzima hufikia asilimia 90 ya kiasi alichozungushiwa. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Mabenki na kuizuia riba isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu, kizuizi kilichodumu hadi mwaka 2019. Mikopo ya simu iliendelea kutozwa kama kwanza, kwa kuwa tozo lake lilihesabiwa kuwa ada, nayo ada si riba. Hapo ndipo mwanalugha anapopaswa kusimama. Tofauti ya maneno mawili, "ada" na "riba", ilikuwa na thamani ya fedha. Ada katika Kiswahili ni jambo la heshima: ni haki ya mwalimu, ya mganga, ya kungwi, ni desturi yenyewe. Riba ni neno lililobeba karne nyingi za makatazo ya dini. Kuliondoa moja na kuliweka jingine ni tendo la ufasaha, na ufasaha huo haukufanywa na mshairi.

Kundi la mwisho la mchezo wa sarufi limo katika neno dogo "na". Mwaka 2013 Safaricom ilianzisha huduma ya kulipia bidhaa iliyoitwa Lipa na M-Pesa, na mwanzoni mwa muongo huohuo kampuni ilijitangaza kwa wito wa "Niko na Safaricom". Mwalimu wa sarufi ataona haraka kwamba Kiswahili sanifu kingependelea "lipa kwa M-Pesa", kwa kuwa chombo cha kutendea hutanguliwa na "kwa". "Na" ni ya mwandani: mtu husafiri kwa gari, lakini husafiri na rafiki. Vivyo hivyo "niko na", ambayo katika mazungumzo ya Kenya yashika nafasi ya "nina", yaweza kumaanisha kumiliki na yaweza kumaanisha kuwa pamoja. Kulisahihisha tangazo hili kwa kalamu nyekundu ni kukosa jambo lenyewe. Kosa, kama ni kosa, ndilo lililoibadilisha kampuni kutoka chombo hadi mwandani. Chapa haitumiwi tena; huandamana na mtu.

Kitenzi kilichotekwa

Mfano mzito kuliko yote ni Fuliza, huduma iliyoanza Januari 2019. Kazi yake ni hii: mtu akitaka kulipa au kutuma fedha na salio lake likawa pungufu, huduma hujazia pengo ili malipo yapite. Deni hutozwa ada, ikiwamo ada ya kila siku kwa kadiri ya kiasi kinachodaiwa, ada ambazo zilipunguzwa mwaka 2022. Fedha zinapoingia katika akaunti ya mteja, deni hukatwa papo hapo.

Kitenzi "fuliza" kilikuwako katika Kiswahili muda mrefu kabla ya huduma hii. Kufuliza ni kuendelea na jambo bila ya kusita: mvua ilifuliza siku tatu, msafiri alifuliza hadi mjini, msemaji alifuliza maneno yake. Ni jamaa wa karibu wa "fululiza", ambako kumetoka "mfululizo". Hakikuwa kitenzi cha kila siku katika Kiswahili cha Nairobi. Kilikuwa cha vitabuni na cha wazee. Mtunzi wa jina alikifufua na kukipa kazi iliyokifaa ajabu. Malipo yaliyokuwa yakwame, yafuliza. Mtu aliyekuwa asimame, afuliza. Hakuna neno la Kiingereza ambalo lingelifanya jambo hilo kwa silabi tatu.

Lakini neno lililofaa hivyo halikubaki lilivyokuwa. Katika mazungumzo ya Kenya ya leo "nimefuliza" maana yake ni "nimekopa", na "Fuliza yangu" ni deni la msemaji. Kitenzi kimepata mtendwa mpya, kimezaa nomino, na kimeingia katika vichekesho vya mjini, ambamo mtu aliyefulizwa na maisha hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanafunzi wa shule akikutana na sentensi isemayo kwamba jeshi "lilifuliza hadi mtoni", huenda akadhani kwamba lilikopa nauli. Chapa imekiteka kitenzi. Zamani majina ya bidhaa yalizoea kukamata nomino tu, hasa za wanyama: jogoo wa unga, na ndovu wa bia ya Tusker, ambayo jina lake linahusishwa na ndovu aliyemuua mmoja wa waanzilishi wa kampuni mwaka 1923. Jogoo wa kwenye mfuko hakumzuia jogoo wa uani kuwika. Kitenzi ni jambo jingine, kwa sababu kitenzi ni tendo, na mwenye kukimiliki kitenzi ana sehemu katika tendo.

Ipo kejeli ambayo lugha imeihifadhi bila ya kuulizwa. Kwa kuwa deni hukatwa mara fedha ziingiapo, salio hupungua tena, na mtu hulazimika kukopa tena ili malipo yajayo yapite. Kinachofuliza basi si mwendo wa mkopaji peke yake. Ni mfululizo wa madeni pia. Jina lilisema kweli tangu mwanzo. Taswira ya mwendo ndiyo iliyoamua ukweli huo usikike kama ahadi.

Methali zajibu

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Kiswahili kimesalimu amri. Lugha iliyotoa jahazi na shwari ina hazina nyingine kuhusu jambo hili, nayo haina haya ya kulitaja deni kwa jina lake. Dawa ya deni kulipa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hizi mbili ni matangazo pia, kwa maana ya kwamba ni fupi, zina mizani, na hukaa kichwani; tofauti ni kwamba hazina bidhaa ya kuuza.

Ya pili yastahili kusomwa tena kwa macho ya mada hii. Nusu ya kwanza inakubali kila kinachodaiwa na matangazo: kukopa kweli ni furaha, ni ngoma, ni shangwe. Methali haimwambii mtu kwamba hatafurahi. Yamwambia kwamba furaha hiyo ina nusu ya pili. Na neno lililochaguliwa kwa nusu hiyo lina maana mbili: matanga ni msiba na kikao cha waombolezaji, matanga ni pia yale yanayolisukuma jahazi. Mtunzi wa methali hakujua chochote juu ya simu. Hata hivyo, ikiwekwa kando ya Okoa Jahazi, methali yaingia katika taswira ileile ya bahari na kuikamilisha mahali ilipokatizwa. Jahazi limeokolewa, sasa matanga yaja. Hivyo ndivyo fasihi simulizi inavyohakiki, bila ya kuhitaji mhakiki.

Tofauti ya muundo ni muhimu kuliko tofauti ya mafunzo. Methali ina pande mbili, sababu na matokeo, kukopa na kulipa. Jina la huduma lina upande mmoja. "Okoa", "fuliza", "songesha", "timiza": hizi zote ni amri za kutenda, na zote zakomea pale tendo linapoanza. Hata wito wa Tigo wa "Jaza ujazwe", ulioiga mizani ya methali kwa ustadi mkubwa, uliweka faida katika pande zote mbili. Umbo la methali lilichukuliwa. Mizani yake ya haki iliachwa nje.

Hoja ya watetezi

Wapo watakaosema kwamba uhakiki wa namna hii hauna shukrani. Kwa miaka mingi biashara kubwa nchini Kenya ilizungumza Kiingereza, na Kiswahili kiliachiwa sabuni na mafuta ya kupikia. Katiba ya mwaka 2010 ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini mabango ya mabenki hayakusubiri sana amri ya katiba. Yalifuata masikio ya wateja. Kampuni zilizochagua *shwari* na *fuliza* zimeyarudisha midomoni mwa mamilioni maneno ambayo walimu walikuwa wakiyafundisha kwa shida. Tena mkopo wa shilingi mia tano saa nane za usiku umemfaa mtu ambaye benki yenye nguzo za marumaru isingemfungulia mlango. Kwa mtu huyo jahazi liliokolewa, na si sitiari.

Hoja hizi ni za kweli, na uhakiki usiozikubali ungekuwa umeziba sikio moja. Lakini zathibitisha jambo lilelile. Kama majina haya yasingekuwa na nguvu, yasingeweza kufufua kitenzi. Na kama yana nguvu ya kufufua kitenzi, yana nguvu pia ya kuzika nomino. "Deni", "riba" na "mdai" ni maneno ya Kiswahili vilevile, nayo yamepungua mahali pale hasa ambapo yalihitajika. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliziagiza kampuni zitoazo huduma za fedha kwa simu zimwonyeshe mteja gharama kabla hajakamilisha muamala. Agizo hilo lilikuwa jema. Lakini tarakimu huonyeshwa mara moja, katika kioo kidogo, kwa mtu mwenye haraka. Tamathali ilikwisha kumwingia zamani, nayo haina agizo linaloihusu. Kuilinganisha tarakimu na tamathali ni kazi ambayo sheria haiwezi kuifanya. Ni kazi ya elimu ya lugha.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba sura ya chapa katika majina haya haikujengwa na picha wala rangi, bali na mambo matatu ya lugha: nahau za bahari zilizofufuliwa nusu, viambishi vinavyomficha au kumdhihirisha msemaji, na kitenzi kilichotolewa vitabuni na kupewa bwana mpya. Imeonyeshwa pia kwamba majina hayana thamani moja. Mengine yamkumbuka anayelipa, mengine yamsahau, na sarufi ndiyo ionyeshayo tofauti.

Kwa mwalimu wa Kiswahili matokeo yake ni ya kazi ya kila siku. Mwanafunzi awezaye kuichambua jazanda katika utenzi, lakini akapitwa na jazanda iliyomo katika simu yake mwenyewe, amefundishwa nusu ya fasihi. Yafaa majina na wito wa biashara viingie darasani kama matini, visomwe sambamba na methali zinazoyahusu mambo yaleyale, na maswali yaulizwe kwa utaratibu: nani asema, nani aambiwa, nani hayupo, na nusu ya pili ya sentensi iko wapi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo husemwa kwa kawaida ili kumsifu fundi, na mafundi wa majina haya wanastahili sifa yao. Lakini aliyejua kwamba chombo kimeundwa aweza pia kuzihesabu mbao zake, kabla ya kupanda.